Okestra Yetu ya Tanga: Maswali Tunayoulizwa Tangu Mabango Yabandikwe

Tangu mabango ya maonyesho yabandikwe mjini, simu ya katibu haipumziki. Katibu mwenyewe ndiyo mimi. Mchana nauza vipuri vya baiskeli Ngamiani, jioni napiga viola, ambayo ni kama fidla iliyokula ugali zaidi. Watu wananiuliza dukani, kwenye bajaji, na juzi mzee mmoja aliniuliza tukiwa makaburini. Nimeyakusanya maswali kwenye daftari, na hapa nayajibu kwa mpangilio niliyoulizwa, si kwa mpangilio wa kitaalamu.

Maonyesho ni mangapi, na ni ya namna gani?

Matatu. La kwanza ni la watoto, Jumamosi saa 10:30 jioni, kwenye bwalo la shule. La pili ni la ukumbini, saa 2:15 usiku. La tatu ni la uwanjani Ngamiani, watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya kukodi. Tarehe na mahali zimeandikwa kwenye mabango. Siziandiki hapa kwa sababu mara iliyopita tulisogeza siku moja, na watu walioshika tarehe ya zamani wakaja wakakuta mlango umefungwa. Walinitafuta dukani, na walikuwa na haki.

Mnasema okestra. Ni kama Maquis?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mtu aliyevuka miaka arobaini, na ni swali zuri. Hapa kwetu jina okestra lilichukuliwa zamani na bendi za dansi: Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, na Mlimani Park Orchestra ambayo wengi tunaijua kwa jina la Sikinde. Hawakukosea. Okestra maana yake ni kundi kubwa la wapiga ala wanaopiga kitu kimoja kwa pamoja.

Yetu ni okestra ya simfoni, yaani ya tungo ndefu zilizoandikwa kwa ajili ya kundi zima la ala. Tofauti unaiona kabla hujaisikia: nusu ya watu na zaidi wamekaa na vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde, yaani fidla, viola, chelo na besi kubwa ile inayopigwa mtu amesimama. Nyuma yao kuna filimbi na klarineti, kisha tarumbeta, tromboni na honi, na nyuma kabisa kuna ngoma. Okestra kamili za nje huwa na watu themanini hadi mia. Sisi hatufiki hata hamsini, na siku ya mvua mazoezini hatufiki ishirini. Gitaa la solo halipo. Mwimbaji naye mara nyingi hayupo, na hapo ndipo watu wanaposhangaa: sasa nani anasema habari yenyewe? Habari inasemwa na ala.

Mbona hamtumii spika? Mnabana matumizi?

Fedha hatuna, lakini sababu si hiyo.

Hebu kumbuka mara ya mwisho uliposikia muziki ambao haukupita kwenye spika. Harusini kuna spika. Kwenye daladala kuna spika. Msikitini na kanisani zipo, na hata muuza dawa ya mende anapita mtaani na yake. Tumezoea sauti itoke kwenye boksi moja, ikiwa imeshapandishwa, na kazi yetu ni kuipokea tu au kuikimbia. Kwetu hakuna waya wala fundi mitambo. Fidla ni sanduku la mbao nyembamba lenye nyuzi nne, na sauti unayoisikia ni ya mbao hiyo kutetemeka. Sauti ya mpiga fidla aliyekaa kushoto inatokea kushoto, ya besi inatokea kulia. Ukifumba macho unaweza kunyoosha kidole ukamwonyesha nani anapiga.

Watu huuliza pia kwa nini fidla ni nyingi hivyo wakati zote zinapiga kitu kimoja. Sikio la binadamu lina mambo yake. Fidla kumi hazisikiki kwa ukubwa mara kumi ya fidla moja. Sikio huzisikia kama mara mbili hivi tu. Ndiyo maana fidla kumi na mbili zinaweza kufunikwa na tarumbeta mbili, na ndiyo maana wenzetu wa tarumbeta wamewekwa nyuma na wanaombwa wawe waungwana.

Karibu masharti yote mtakayoyasoma humu chini yanatokana na jambo hili. Hatuna kitasa cha kupandishia sauti. Sisi tukishuka, ninyi ndio mnaopaswa kuusogelea muziki.

Mvua ikinyesha?

Hapa nitakaa kidogo, maana yametukuta.

Msimu mmoja wa vuli tulipiga kwenye ukumbi wenye paa la bati tupu, bila dari. Tulikuwa kwenye kipande cha taratibu, chelo peke yake na fidla zikiitikia kwa chini, watu wametulia hata kikohozi hukisikii. Likadondoka tone moja juu ya bati. Likaja la pili. Baada ya hapo ni kama lori la kokoto limemwagwa juu ya paa. Mwongozaji aliendelea kupunga mikono, nasi tukaendelea kuvuta pinde, na hakuna aliyesikia chochote, hata sisi wenyewe. Nilikuwa naangalia kidole cha jirani yangu ili nijue tumefika wapi. Mwishowe mwongozaji akashusha mikono, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akakunja miguu. Tulisubiri kama dakika ishirini. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaona tumeduwaa, akaanzisha wimbo wa harusini, watu wakaitikia kwa makofi, na mpiga ngoma wetu akaingia naye. Mpaka leo wapo wanaosema kile ndicho kilikuwa kipande bora cha usiku ule, na sisi tuliofanya mazoezi miezi mitatu tunameza mate tu.

Kwa hiyo, safari hii ukumbi tuliouchagua una dari. Onyesho la uwanjani likikutwa na mvua linaahirishwa hadi Jumamosi inayofuata, saa ileile. Fidla haistahimili maji. Gundi inayoshika mbao zake huyeyuka kwa maji na joto, na ni gundi ya makusudi, ili fundi aweze kuifungua siku ya matengenezo.

Yule anayesimama mbele na kijiti ndiye kondakta?

Kwenye vitabu, ndiyo. Lakini ukisema kondakta Tanga mtu anashika nauli mkononi, kwa hiyo sisi tunamwita mwongozaji, na mazoezini tunamwita Mwalimu. Mkono wa kulia unahesabu: pigo la kwanza hushuka chini, la mwisho hupanda juu. Mkono wa kushoto unabembeleza: wewe panda, wewe shuka, ninyi huko nyuma ngojeni. Ila kazi yake kubwa imekwisha kabla hujaingia ukumbini. Ni yeye aliyetukatisha mara kumi na saba kwenye mstari mmoja, akisema tena, tena, tena.

Mbona mnaanza kwa kelele?

Ile si kelele, tunatyuni. Mmoja anatoa sauti moja ndefu, ile "la" ya do-re-mi, mitetemo 440 kwa sekunde kama walivyokubaliana mataifa, na wengine wote wanazileta nyuzi zao pale. Kwa desturi kazi hiyo ni ya oboi. Oboi hatuna, inafanywa na klarineti.

Na hapa pwani tunatyuni kuliko watu wa bara. Unyevu wa bahari unaivimbisha mbao, ukiingia kwenye chumba chenye feni inasinyaa, vigingi vya nyuzi vinakwama au vinateleza. Ukituona tunatyuni tena katikati ya onyesho usidhani tumesahau kitu. Ni hewa ya Raskazone hiyo.

Huu si muziki wa Wazungu?

Swali hili huja kwa sauti mbili. Vijana huliuliza kwa kujivunia, wazee kwa kushuku. Nawajibu wote pamoja.

Simfoni ilizaliwa Ulaya, sina haja ya kuficha. Lakini fidla yenyewe pwani hii si mgeni. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na huko ndiko mizizi ya taarab yetu iliko. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, na kundi la taarab la namna ile lenye fidla, chelo, besi, udi, nai na kanuni ni okestra kwa kila hali, ila halikupewa jina hilo. Bibi yako alikuwa akitunza mpiga fidla kabla Beethoven, mtunzi wa Kijerumani, hajajulikana hapa.

Kisha ikaja Tanga na mambo yake. Miaka ya 1960 Black Star na Lucky Star wa mji huu wakaingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab, wakaipunguza ukubwa na kuiongeza mwendo, pwani nzima ikageuza shingo. Naipenda taarab ile na nimelelewa nayo. Lakini nikiwa mpiga nyuzi nina kinyongo kidogo: gitaa lilipoingia, fidla nyingi za mji huu zilipanda juu ya makabati na hazikushuka tena.

Tarumbeta nazo zina historia. Babu zetu walicheza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na miji ya pwani ikagawanyika kati ya Marini na Arinoti, kila upande na vyeo vyake, sare zake na matusi yake ya kishairi. Upande wa Usambara, Walutheri wana vikundi vya matarumbeta mpaka leo, na wapigaji wetu watatu walijifunzia huko, kwenye ibada na misiba. Halafu kuna bendi za dansi za hapa hapa, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambazo wazee wakizitaja macho yanalowa.

Na kuna mbao. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo. Mpingo ndio mti wetu wa taifa, unakua Kilwa na Lindi, unasafirishwa ukiwa vipande vilivyokatwa, unachongwa Ulaya, unarudi ukiwa klarineti kwa bei ambayo aliyeukata mti hawezi kuilipa. Klarineti yetu ya kwanza ilipofika, mmoja wetu aliyezaliwa Kilwa aliinusa kabla ya kuipiga.

Mtapiga nini safari hii?

Onyesho la ukumbini linafunguliwa kwa wimbo wa taifa, ule wa Enoch Sontonga wa 1897, ukipigwa na nyuzi tupu. Mtasimama, bila shaka.

Kisha ni sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano ya Beethoven. Hata kama unadhani huijui, unaijua: ta-ta-ta-taa. Noti tatu fupi na moja ndefu. Jaribu kuzifuata noti hizo nne. Anazirudisha kila mahali, juu, chini, kwa fidla, kwa honi, kwa ngoma, kama mtoto anayedai hela ya daftari. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, mtunzi akiwa ameshaanza kupoteza kusikia miaka kadhaa nyuma.

Baada ya mapumziko kwaya inaungana nasi kwa Haleluya ya Handel, ambayo wanakwaya wa mji huu wanaijua kwa Kiswahili tangu utotoni. Sisi wapiga ala ndio tuliohangaika. Wao walikuja wakaimba mara moja wakauliza chai iko wapi.

Tunamalizia kwa mseto wa taarab na dansi za Tanga, zilizopangwa upya kwa okestra. Uwanjani Ngamiani sehemu hii ndiyo itakuwa ndefu zaidi, na dansi inaruhusiwa.

Nyimbo za zamani mmezichukua tu?

Hapana, na nashukuru kuulizwa. Beethoven alifariki 1827, nota zake ni za kila mtu. Nyimbo za wazee wetu ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo tumewatafuta wenyewe au familia zao, tumekaa barazani, tumekunywa kahawa, tumeandikiana. Wimbo mmoja tuliupenda sana tukaambiwa hapana. Haumo.

Mkikosea je?

Tutakosea. Usiku ule wa 1808 niliousema, onyesho lilikwenda kama saa nne, ukumbi wa baridi, na katika kipande cha mwisho okestra ilipotea kabisa. Beethoven akawasimamisha mbele ya watu, wakaanza upya. Nasi tunaweza kufanya hivyo, na tumeshafanya mara moja.

Nipige makofi wakati gani?

Simfoni huwa na sehemu kadhaa zenye kimya katikati, na siku hizi desturi ni kungoja hadi mwisho wa zote. Lakini desturi hiyo si ya kale kama watu wanavyodhani. Zama za Mozart watu walipiga makofi katikati na yeye alifurahi. Kwetu ukijisikia kupiga, piga. Ninachoomba ni kimoja: kwenye mahali pa taratibu, subiri mwongozaji ashushe mikono. Ile sekunde ambayo sauti imeisha lakini mikono bado iko juu nayo ni sehemu ya muziki, na ndiyo tunayoitafuta miezi yote hii.

Vigelegele vinaruhusiwa. Kutunza pia, lakini tafadhali msibandike noti kwenye paji la uso la mpiga fidla akiwa anapiga. Kuna kikapu mlangoni.

Kiingilio?

Bure, yote matatu.

Watoto wadogo waje?

La watoto ni lao, waje hata wanaonyonya. Tunawakalisha mbele kabisa, kwenye mikeka, na baada ya nusu saa wanaruhusiwa kuja kugusa. Kila mmoja atavuta upinde mara moja kwenye fidla ya mazoezi. Sauti itakayotoka inafanana na bawaba ya mlango, na wote hucheka. Watu wanadhani watoto hawawezi kutulia bila spika. Nimeona kinyume: sauti ikiwa ndogo wanasogea, ikiwa kubwa wanakimbiakimbia.

Usiku wa ukumbini leta mtoto anayeweza kukaa saa moja. Akilia, toka naye upumzike naye nje, kisha urudi. Hakuna atakayekukodolea macho, nimewaambia wote.

Na adhana? Na Ramadhani?

Saa tumezipanga kwa kuangalia swala. La watoto linaanza baada ya Alasiri na kwisha mapema kabla ya Magharibi. La usiku linaanza watu wakiwa wameshaswali Isha. Uwanjani, adhana ikituangukia tunanyamaza hadi imalizike. Mwezi wa Ramadhani hatupigi hadharani. Kuhusu kama muziki unafaa au haufai, kila mmoja ana mwalimu wake. Sisi hatumvuti mtu mkono.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Piga picha mbili tatu mwanzoni, bila mwanga, kisha uweke simu mfukoni ikiwa kimya. Si mtetemo, kimya. Simu ikitetemeka juu ya kiti cha plastiki inasikika hadi kwenye chelo. Mseto wa mwisho rekodini mnavyotaka.

Mdogo wangu hasikii. Kuna maana ya kumleta?

Mlete. Tutampa puto. Ukilishika puto lililojaa hewa kwa viganja viwili karibu na besi na ngoma, linatetemeka mikononi, na mtu anaupata mwendo kwa ngozi. Viti vya upande wa besi tunawawekea wao. Niambieni mapema tu, kwa sababu maputo yakiachwa wazi watoto huyapasua, na puto likipasuka kwenye mahali pa taratibu mpiga filimbi wetu huruka.

Babu ameacha fidla juu ya kabati. Tuifanyeje?

Simu tatu nimepata za namna hii tangu mabango yabandikwe, na zimenifurahisha kuliko zote.

Kwanza, usiipake mafuta ya nazi wala vanishi ya milango. Usikaze nyuzi zote kwa mara moja. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha itikise taratibu. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, huenda ni kijiti kidogo cha mbao kilichoanguka. Kijiti hicho husimama ndani ya fidla, kati ya uso na mgongo, hakijagundishwa, kimebanwa tu. Wafaransa wanakiita roho, na wana haki: kikianguka fidla inabaki sanduku. Fundi anakisimamisha kwa waya uliopinda kupitia tundu la fidla, na ukimtazama utadhani anatoa mwiba kwenye jicho. Kijiti hicho kikiwa chini nyuzi zisikazwe kabisa, uso unaweza kupasuka.

Ilete mazoezini tuitazame. Hatutakuambia uitoe. Wapo waliokuja na fidla wakaondoka nayo ikiwa imepona, na yupo mjukuu aliyekuja nayo akabaki nayo hapo, sasa yuko kwenye kundi la fidla ya pili.

Nataka kujiunga lakini sijui nota.

Umeimba kwaya? Basi do-re-mi unaijua, na kutoka pale hadi kwenye mistari mitano ni miezi michache. Hujaimba popote? Njoo hivyo hivyo. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki jioni. Shida yetu kubwa si watu, ni vyombo. Viola ziko mbili tu, na moja nimeshaikalia mimi. Nyuzi zikikatika tunaagiza na kungoja. Wenzetu wa Kinshasa, ile okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, walipokosa nyuzi walifunga waya wa breki za baiskeli. Nimewaambia wenzangu kwamba kwa mji huu hatutakwama, breki ninazo dukani, lakini chelo wetu amekataa kabisa.

Nivae nini? Na usafiri?

Chochote cha heshima. Sisi tutavaa nguo nyeusi, mashati ya mikono mifupi, kwa sababu suti na joto la Tanga havipatani. Baiskeli zina sehemu yake na mlinzi. Wa Pongwe na Muheza, onyesho la usiku linaisha karibu saa 4, kwa hiyo panga na wenzako gari la kurudi. Bajaji huwa zinangoja nje. Tumewaomba wasipige honi, na wengi wanaelewa.

Mbona kwenye stendi za nota mmebana vibanio vya nguo?

Feni. Tukizima feni mnaiva, tukiwasha nota zinaruka. Ukiwa na vibanio vya mbao vya ziada nyumbani, tuletee. Vya plastiki vinavunjika.

Chakula kitakuwepo?

Uwanjani, ndiyo: vitumbua, kashata, kahawa, madafu. Ukumbini hakiingii, hasa karanga za kwenye mifuko ya nailoni. Mfuko ule una sauti kali kuliko viola yangu.

Onyesho lililopita mwanangu aliokota kidude cha rangi ya asali, kigumu, kinang'aa. Alidhani ni peremende. Ni chenu?

Ni chetu, na pole, maana najua alikilamba. Ni utomvu wa msonobari uliopikwa ukakauka, sisi tunauita rozini. Nywele za upinde ni za mkia wa farasi, na bila kupakwa rozini zinateleza juu ya uzi, sauti haitoki. Ikipakwa, nywele zinaushika uzi na kuuachia, zinaushika na kuuachia, mamia ya mara kwa sekunde. Ule unga mweupe unaouona kwenye fidla ndio huo. Hauna sumu ya kutisha kwa kulamba mara moja, ila utamu hauna. Mwenyewe ni binti wa fidla ya kwanza, amekuwa akiazima cha jirani tangu siku ile. Kileteni dukani, Ngamiani, wakati wowote kabla ya Magharibi.